Vioo Vinane vya Bengamisa

Papa Halima,

Umefanya vibaya. Nalisema kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitalainika, na leo sitaki kulainika. Miaka yote umeshika vioo, umetia madirisha kwenye nusu ya muji huu, halafu ukafa bila kumuambia mudogo wako Yusufu neno moja tu: kioo hakilazwi. Neno moja! Ulikuwa na nguvu ya kuitisha chai, ukalalamika kwamba sukari ni kidogo, lakini nguvu ya kusema neno hilo ukakosa?

Bon. Salamu sasa. Mungu akupanulie pahali ulipo, akupoze. Sisi huku tuko. Wazima wa mwili, lakini hasira inanila.

Naandika katika daftari lako la vipimo, kwa upande wa nyuma, na kalamu ni ile yako nene ya kuchora mustari juu ya kioo, ndiyo maana maneno yanakuwa makubwa hivi. Shule yangu unaijua: miaka miwili, halafu jembe. Mengine niliyaiba kwako, nikitazama unavyoandika majina ya watu pembeni ya madirisha yao. Anayetaka kucheka mwandiko acheke, mimi sikumuandikia yeye.

Niko ndani. Eda. Miezi minne na siku kumi mwanamuke aliyefiwa hatoki, na mimi sijafika hata katikati. Niko katika chumba chetu, kile chenye dirisha la kutazama atelie yako, kile kibanda cha kukatia vioo kule uani. Wewe ulinichagulia dirisha hilo, ulisema nitapata upepo. Upepo sipati. Napata kusikia kila upumbavu unaofanywa na vioo vyako, na siwezi kutoka kupiga mutu.

Nikueleze tangu mwanzo, maana wewe hukuona, ulikuwa umeshakwenda.

Siku uliyokata roho, kabla hawajamaliza kukuosha, dada yako Zaina akaanza kufunika vioo vya nyumba. Sawa, ni desturi yetu, nyumba yenye maiti haiachi kioo wazi. Kile cha ukutani akakigeuza. Kile chako cha kunyolea ndevu akakitia chini ya kitanda. Sikusema kitu. Lakini Zaina unamujua, akianza kazi hajui pa kusimama. Akatoka uani, akaona atelie, akaona kasha lako la mwisho limefunguliwa, vioo ishirini vilivyokuja kwa boti kutoka Kinshasa, vimesimama vizuri juu ya farasi yao ya mbao, ile fremu ya kuviegemeza, kama ulivyovisimamisha kwa mukono wako. Vinang'aa. Vinaonyesha watu wote waliokuja kulia. Akapiga kelele: "Mama yangu weye! Na hii yote? Kaka atajiona mara makumi mbili!"

Alors, watu wakashika. Kila mutu alitaka kusaidia musiba. Wakavilaza kifudifudi juu ya udongo, kimoja juu ya kingine, vyote ishirini. Na kioo cha dirisha hakina uso wala kisogo, Papa Halima, lakini walibishana muda murefu upande gani ni uso! Halafu juu yake wakatandika magunia mabichi.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na miguu yako. Wanawake wananishika huku na huku. Nikasikia ile sauti ndogo, ile ya jiwe likiwa chini ya kioo, unaijua, inaingia kwenye meno. Nikapiga kelele: "Musilaze! Musilaze, nawaambia!" Wakafikiri nasema wewe. Mama mumoja wa Maniema, jirani yetu, akanikumbatia kwa nguvu: "Pole, mama, pole. Lazima alale. Ni njia yetu sisi wote." Nikamuambia, "Sisemi yeye, nasema vioo!" Akaanza kulia zaidi. Akawaambia wenzake akili yangu imeondoka kwa uchungu, wakaniletea maji.

Hivyo ndivyo nilivyokulilia, ujue. Nusu ya machozi ilikuwa yako. Nusu ilikuwa hasira.

Mvua ikanyesha siku tatu. Nikamutuma mutu kwa Yusufu: inua vioo, maji yanaingia katikati. Akajibu kwamba tuache kwanza arobaini ipite, ni heshima kwa marehemu. Heshima! Wewe uliyekuwa unafuta tone moja la maji kwenye kioo kama mama anavyofuta pua ya mutoto! Arobaini ikapita. Walipoinua magunia, vioo vilikuwa vimegandana, na vimeota madoa meupe kama jicho la muzee. Wewe ungemwaga maji polepole, ungengoja, ungeimba ule wimbo wako usio na maneno mupaka kioo chenyewe kikubali kuachana na mwenzake. Yusufu akaleta kisu cha jikoni. Cha jikoni, Papa Halima, kile changu cha kukatia majani ya sombe. Vinne vikavunjika palepale. Nilivihesabu kwa sikio.

Vikabaki kumi na sita. Na ulikuwa umeahidi vinane.

Hapo ndipo nilipoanza kuliogopea neno lako. Unakumbuka ulivyorudi kutoka Bengamisa, ulipokwenda kupima madirisha ya materniti, ile nyumba ya kuzalia, pale binti yetu Halima anaposaidia wazazi? Ulirudi bega limelowa. Ukakaa kwenye kizingiti, viatu hujavua, ukasema: "Mama Halima, kule mutoto anazaliwa, kitu cha kwanza anakutana nayo ni mvua." Madirisha manane, yote yamezibwa kwa mikeka. Ukasema umemupa mukubwa wa materniti neno lako: vioo vitafika mbele ya mvua kubwa. Watu wengi wa muji huu wanatoa neno kama wanavyotoa kikohozi. Wewe hapana. Na vioo vingine haviko mujini, boti ya kuleta vingine hakuna anayejua itakuja lini. Donc, ni hivyo au ni mikeka tena.

Nikamuambia Yusufu kupitia dirisha: peleka vinane, vingine viwe akiba. Nikaanza kumueleza namna ya kubeba. Akanikata: "Shemeji, weye kaa na eda yako. Kioo ni kama mugonjwa tu, miye minajua." Na kweli akakibeba kama mugonjwa! Akatafuta godoro. Akalitandika ndani ya kamio, lile lori la shofa Losala, juu ya mifuko ya chumvi, akavilaza vioo vinane juu ya godoro, akaweka godoro lingine juu, akafunika shuka. Safi kabisa, mimi nilikiona kwa macho kutoka dirishani, kitanda kizuri hata mimi ningelala.

Sasa wewe unajua kamio za njia ya Bengamisa. Watu wanapanda juu ya muzigo. Mama wa ndizi alipopanda akaona nini? Godoro. Akakaa. Akaita dada yake, wakakaa wote wawili, na mbuzi katikati. Hawakupita hata Kapalata, hapa karibu. Losala alinihadithia kwamba walipofika shimo la kwanza alisikia kitu kama mutu anatafuna mifupa, akafikiri ni mbuzi.

Vyote vinane. Hata kipande cha kutia kwenye fremu ya picha hakikupatikana.

Yusufu akarudi, akasimama chini ya dirisha langu, akasema ni mapenzi ya Mungu. Nikamuambia Mungu hakumutuma kutafuta godoro. Nikafunga dirisha. Nilikaa pale nikikuchukia, nikuambie ukweli. Nilikuchukia mupaka alasiri. Maana ulikuwa unacheka, ulikuwa unasema, "Yusufu atajifunza, muache kwanza," kila mwaka, "muache kwanza." Mimi ulinifundisha kwa sababu nilikuwa karibu na mikono yako miwili haikutosha. Kumbe mutu wa kufundishwa ni mimi, na mutu wa kupewa atelie ni yeye. Ulifikiri nini?

Vikabaki vinane vya mwisho. Madirisha manane. Hesabu hiyo hata mimi wa miaka miwili naiweza.

Nikamutuma mujukuu wetu kumuita mwalimu wa musikiti. Akaja, akakaa nje ya pazia. Nikamueleza yote, magunia, kisu, godoro, mbuzi. Nilisikia anajizuia asicheke kwenye mbuzi. Nikauliza: mwanamuke wa eda anaweza kutoka mupaka uani, kusimamia muzigo? Zaina alikuwa pale, akadakia: "Hata kutazama nje ni haramu, aulize nini tena!" Mwalimu akamuambia anyamaze kidogo. Akaniuliza mimi: "Kuna mutu mwingine anayejua kazi hii?" Nikasema, "Alikuwa mumoja. Mumemuzika." Halafu akasema haja ni haja, nitoke muchana, nijifunike, kazi ikiisha nirudi ndani mbele ya magharibi. Zaina akasonya mupaka nikaogopa meno yatatoka.

Nikatoka.

Papa Halima, sikujua. Nilifikiri natoka kwenda kugombana na Yusufu tu. Nikafungua mulango wa atelie, na harufu ya petroli na ya mastiki yako ya kugandishia vioo ikanipiga usoni, na aproni yako iko kwenye musumari, na imeshika umbo la tumbo lako. Kalamu ya almasi ya kukatia kioo iko ndani ya kopo lake, imelala kwenye petroli kama ulivyoiacha. Nikakaa juu ya kasha. Sikulia. Nili... bon. Nililia. Yusufu akaona, akatazama pembeni, na hapo peke yake nilimusamehe kidogo.

Palikuwa na kile kipande cha kioo cha mara mbili pia, ukutani, kile kilichobaki kutoka chumba cha baridi cha yule Mugiriki muuza nyama. Vioo viwili vimeshonwa pamoja pembeni, katikati hewa kavu. Unakumbuka tulivyokibeba kikiwa kizima? Ulinikataza nisikisimamishe kwa kona, ulisema kikisimama kwa kioo kimoja, mwenzake atavuta, mushono utaachia, ukungu utaingia katikati na hakuna kitambaa kitakachoufikia. Kilikuwa kizito kama jeneza. Tulipofika katikati ya njia, watu wanatutazama, ukaanza: "Mama Halima, hiki ni sisi wawili." Nikakuambia, acha maneno, shika upande wako. Ndivyo nilivyokujibu. Ningejua...

Tuache hiyo.

Nikawaweka watu kazini. Losala nilimuambia leta kamio mupaka uani, kinyumenyume. Yusufu nilimuambia pigilia farasi ya mbao ndani ya kamio, nyuma tu ya kabini, kama paa la nyumba, na ifungwe isicheze hata kidogo. Chini nikakata mupira wa ndani wa gurudumu, nikautandika, kioo kisimame juu yake, kisiguse chuma wala musumari. Na ukali wa kioo utazame mbele, siyo ubapa, ili Losala akikanyaga breki, kioo kisianguke kwa uso. Yusufu akauliza, "Sasa na hivi vinasimama, havitaanguka?" Nikamuuliza, "Wewe ukiwa kwenye kamio, unapendelea kusimama ushike, au kulazwa watu wakukalie?" Losala akacheka mupaka akakaa chini.

Katikati ya kioo na kioo tulihitaji kitu kikavu. Yusufu akaleta magazeti. Kufungua, kila ukurasa ni picha ya Rais. Akayakunja haraka: "Shemeji, kama kamanda wa seli ya chama anaona tunakandamiza hii sura na vioo?" Na kesho yake ilikuwa salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, yule sitwayeni kamanda anapita kwenye kila kiwanja akitazama nani hafagii. Nikaingia ndani, nikachukua kitenge changu cha zamani, kile cha ndizi za njano ulichokuwa unasema kinanifanya kama soko. Nikakichana vipande vinane. Sasa kimepata kazi, furahi.

Nikavaa ile ngozi yako ya kukinga viganja. Ni kubwa, vidole vyangu vinapotea ndani. Nikamuonyesha Yusufu: mukono mumoja chini, mukono mumoja pembeni, kioo kiwe wima kando ya mwili, usikibebe juu ya kichwa, usitembee kwenye upepo, viatu miguuni. Akavaa viatu. Akabeba cha kwanza, cha pili. Jasho linamutoka kama anabeba mutoto wa mutu mwingine. Ndivyo inavyotakiwa.

Cha tano kikateleza.

Nilikiona kinateremka katika viganja vyake, na nikaona mikono yake inakimbilia chini kukidaka. Nikaona mukono wangu wa zamani, ule mwaka kabla ya Halima kuzaliwa, nilipodaka kioo hewani na kikaniandika kutoka kidole gumba mupaka kifundo. Ulinipigia kelele siku ile, na nilikasirika kwamba unasikitikia kioo badala yangu, mupaka uliponifunga kitambaa na nikaona midomo yako inatetemeka. Sasa kelele ileile ikatoka kinywani mwangu, na sauti yako yote: "Kiache!" Yusufu akaruka nyuma. Kioo kikashuka, kikagonga mupira chini, kikaruka kidogo, kikaegemea farasi.

Kikasimama.

Zaina, aliyekuwa anatuchungulia jikoni, akasema, "Kaka yuko hapa." Nikamuambia hayuko, ni mupira.

Tukavifunga kwa kamba juu ya vipande vya mbao, kamba ishike isikabe. Nikamuambia Losala: abiria wakae upande wa nyuma, na anayegusa farasi hiyo ateremke hata kama ni mama yako mukwe. Akasema, "Mama, hata nzi hatakaa." Jua lilikuwa bado juu ya paa la jirani niliporudi ndani. Siku tatu sikula kitu ila uji. Kila kamio iliyopita nilifikiri ni yeye anarudi na habari mbaya.

Jana akarudi. Hakushuka hata, alipigia kelele kutoka barabarani: "Mama! Bioo yote iko munane! Nilitembeza kamio sawa na minabeba mama wa mimba!"

Vinane, Papa Halima. Vyote. Neno lako limefika Bengamisa wewe ukiwa udongoni, nami nimekaa hapa nikipiga paja langu kama wazimu.

Furaha haikudumu, maana Losala alileta pia karatasi ya Halima. Anasema vioo vimeegemezwa ukutani kwenye njia ya kupitia, wanawake wenye matumbo wanapita navyo ubavuni. Anasema kuna kijana wa pale anataka kuvitia kwa misumari, avigongeleze tu kwenye fremu, bila mastiki. Na anasema juzi mutoto amezaliwa, wa kike, nesi mumoja amemushikilia mama mwavuli muda wote. Mwavuli, ndani ya nyumba. Tena wamemupa mutoto jina la mama yangu, bila kujua.

Kwa hiyo sijamaliza kukasirika, usifikiri.

Nakuaga hapa, kalamu inakwisha. Nilikuwa na mengine ya kukuambia, laini, lakini sikuyajua ulipokuwa na masikio, na sasa kuyaandika kwa kalamu ya madirisha naona aibu. Utayachukua hivyohivyo. Lala na rehema za Mungu, baba wa watoto wangu. Na hili nakuapia: eda ikiisha, mulango wa atelie nitaufungua mimi mwenyewe kila asubuhi, na hakuna mutu atakayeshika kioo pale bila kufundishwa, awe ndugu yako, awe mukwe, awe Zaina mwenyewe.

Na wewe Yusufu. Ndiyo, wewe. Najua unasoma, maana hakuna kitu katika nyumba hii usichokisoma kikiwa si chako. Losala anarudi Bengamisa kesho baada ya sala ya asubuhi, nimeshamuambia akungoje. Chukua kopo la mastiki, likande njiani liwe laini. Chukua kisu cha mastiki, siyo cha jikoni. Ukifika, mukimbize yule kijana na misumari yake, safisha fremu, na uache nafasi ya ukucha pande zote, muti wa fremu ukinywa maji unavimba na kioo kinataka kupumua. Chumba cha kuzalia kwanza, upande mvua inapotoka. Usirudi mujini kabla cha nane hakijakaa. Panda kamio.